Jedwali la Saba

Darasa langu lina ukuta wa mbao, na mbao zikikaushwa na jua huachana. Mvua ikirudi huvimba zikakaribiana tena, lakini si zote. Nyuma kabisa, upande wa choo, kuna ufa ambao hakuna mvua iliyouziba. Upana wake unatosha jicho la mtoto. Nimeujaza matambara, nimeujaza udongo, nimeujaza karatasi za mitihani ya zamani, na kila mara nilikuta umefunguliwa. Kwa muda mrefu nilidhani ni panya.

Shule iko juu kidogo ya kijiji cha Kingi, kwenye mgongo wa kilima ambapo ukungu hukaa hadi asubuhi iishe. Mbele ya mlango kuna mashamba ya maharage, yale yanayopanda kwenye miti mpaka yanampita mtu mzima kimo. Nafundisha darasa la tano na la sita katika chumba kimoja. La tano wanakaa kushoto, la sita kulia, na mimi katikati nikigeuka huku na huku siku nzima mpaka shingo inauma. Mimi si mtu wa subira. Wanafunzi wanajua, wakidhani sisikii huambiana kwamba Madame amekula pilipili tena.

Kinachonipandisha hasira kuliko vyote ni mtoto anayejua jibu akakaa nalo. Sababu ninayo. Nilizaliwa chini, Kashebere, nyumba ya mwindaji, na kwetu mtoto alifunzwa kunyamaza kabla ya kufunzwa kusema. Ukifuatana na baba porini, hukohoi. Nilipoingia shule nilifumba mdomo hivyo hivyo, walimu wakaniona mjinga, na miaka ikapita kabla mmoja wao hajagundua kwamba nilikuwa najua kusoma. Nilipopewa chaki nilijiapia kwamba darasani mwangu hakuna mtoto atakayefichwa na kimya chake.

Msichana ninayemkumbuka alifika na mvua. Watu walikuwa wanapanda kwa mafungu kutoka upande wa Mushaki, wakikimbia vita, magodoro kichwani, mbuzi kwenye kamba, wengine bila mbuzi wala kamba. Yeye alikuja na bibi yake tu. Nilimwonyesha nafasi ya mbele, maana niliona anavyotazama ubao kwa njaa, lakini alipita benchi zote akaenda kukaa nyuma kabisa, kando ya ule ufa. Nikamwacha. Nilifikiri atazoea.

Wenzake waliotoka naye kule walizoea. Mtoto wa wakimbizi hukaa kimya mwanzoni kwa sababu haoni kitu chochote anachokijua, basi nilitafuta vitu wanavyovijua. Niliuliza: nani anaweza kumkamua ng'ombe mkali? Mvulana mmoja ambaye hakuwa ametamka neno tangu afike alisimama akaeleza jinsi ya kumkuna ng'ombe chini ya mkia mpaka atulie, akionyesha kwa mikono, na darasa lote likacheka hadi machozi. Naye alicheka. Kesho yake alikuwa anapiga vidole hewani kama wengine, "Madame! Madame, miye!" Wengine niliwaacha wajibu wawili wawili, ili aibu igawanywe. Wengine niliwatania tu. Mdomo wa mtoto una mlango, na mara nyingi utani huufungua.

Wa yule msichana haukufunguka. Ukimwita alisimama, hiyo adabu alikuwa nayo. Alisimama, akakunja mikono kifuani, akatazama ubao, na midomo ikabaki imebanwa mpaka rangi inatoka. Nilingoja. Darasa likangoja. Mwishowe nilimwambia akae, na alikaa bila aibu hata kidogo. Hilo lilinisumbua. Mtoto mwenye haya huinamisha kichwa. Huyu alikaa wima kama mtu aliyemaliza kazi yake vizuri.

Tatizo lilikuwa mkurugenzi, mkuu wa shule yetu. Kwake, mwanafunzi wa la sita asiyesoma kwa sauti mbele yake hapelekwi mtihani wa mwisho, atarudia mwaka. Na bibi alikuwa ameniambia siku ya kwanza kabisa, bila kupindisha: "Madame, nikoko na nguvu ya mwaka moja tu. Kama hapite, ataenda kulima." Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Asome kwa sauti, au shule iishie hapo. Na mtoto huyo, kwa daftari lake nililokuwa nasahihisha kila jioni, alikuwa mbele ya wote.

Nikarudia njia ya zamani, ya vibao. Kila mtoto ana kibao chake, ardwazi nyeusi ya kuandikia kwa chaki. Unauliza swali, unapiga rula mezani: wanaandika. Unapiga tena: wanainua vibao juu, nawe unasoma majibu yote mara moja. Unapiga mara ya tatu: wanafuta. Hakuna anayehitaji kufungua mdomo. Ila siku ya kwanza nilipoipiga rula, benchi zote za nyuma zilibaki tupu. Watoto wa Mushaki walikuwa wamelala chini ya meza, mikono kichwani, wote pamoja, bila kelele. Niliitupa ile rula kwenye moto wa jikoni, na kuanzia siku hiyo nikawa napiga vidole.

Kwa vibao alijibu. Nikipiga vidole, chake kilikuwa cha kwanza juu, mwandiko mzuri uliolala kulia kidogo, na hakukosea. Nilifurahi kama mwehu. Nilimsifu kupita kiasi, nikaona macho yake yanang'aa, na midomo bado imebanwa. Nikaamua kwenda kumwona bibi.

Nilimkuta nje ya kibanda chao cha turubai, anapukuchua maharage kwenye ungo. Alinipa kigoda. Nikamwuliza moja kwa moja, maana mimi sijui kuzunguka.

"Mama, ule mutoto anajua yote. Juu ya nini hasemake?"

Aliendelea kupukuchua. "Kule kwetu alikuwa anasema mpaka tunamuambia anyamaze. Ku masomo alikuwaka wa kwanza. Mwalimu akiuliza tu, yeye kidole iko juu."

"Sasa?"

"Siku moja benye bunduki baliingia mu classe. Habakupiga muntu. Balisalimia muzuri, bonjour, bonjour. Mukubwa wabo akauliza batoto: nani kati yenu iko na kaka mukubwa mu sixième, ile ya sita? Mutoto akazani ni inspecteur. Akapiga kidole. Miye, miye! Akaonyesha na mulango ya classe ya kaka yake."

Maharage yaliendelea kuanguka kwenye ungo.

"Balimubeba ule kaka. Mpaka leo. Yeye njo mwenye alijibu, Madame. Sasa weye unataka ajibu tena."

Nilirudi nyumbani nimekasirika na sikuwa na mtu wa kumkasirikia. Kila mwalimu anamfunza mtoto kitu kimoja kabla ya vingine vyote: mkubwa akiuliza, na wewe unajua, nyosha kidole. Tunampigia makofi kwa hilo. Yule mtu alijua tunavyofundisha. Aliingia akatumia kazi yetu, na hakuhitaji hata kupandisha sauti. Niliogopa usiku ule kuliko ninavyoogopa milio ya risasi, kwa sababu milio angalau inatoka nje ya darasa.

Niliacha kumwita. Mkurugenzi aliniuliza kwa nini, nikasema mtoto anaumwa koo.

Baadaye kidogo dalili zikaanza. Pikipiki zilizokuwa zinapanda asubuhi zikawa hazipandi. Akina mama walirudi kutoka sokoni mapema, vikapu bado vimejaa mihogo. Mwanamume mmoja ambaye hakuna aliyemjua alinunua ndizi kwa jirani yangu, akasalimia kwa upole sana, akauliza kama shule yetu ina wavulana wengi wakubwa. Hawa watu sitasema ni akina nani. Mwaka huu wana jina hili, mwaka ujao watakuwa na jingine. Wavulana huwachukua kwanza ili wawabebeshe risasi. Bunduki huja baadaye.

Kisha ikaja asubuhi ya ukungu mzito. Mkurugenzi alikuwa ameshuka Masisi mkutanoni. Nilikuwa nafanya hesabu za kuzidisha, kwa vibao, la sita. Nikauliza, nikapiga vidole, vibao vikapanda. Arobaini na mbili, arobaini na mbili, arobaini na mbili, mmoja arobaini na tatu kama kawaida yake. Nyuma kabisa, kwa mwandiko uliolala kulia:

*Bako nyuma ya choo. Bako na bunduki. Ni kama bale.*

Nilisoma, nikapiga vidole. Wakafuta. Uso wangu niliuzuia usibadilike. Baba yangu mwindaji alinifunza hilo: mnyama akikuona umeshtuka, mambo yamekwisha. Nilielewa kwa nini wako pale. Walikuwa wanangoja mapumziko. Kengele ikilia wavulana wakubwa hukimbilia chooni wa kwanza.

"Wote," nikasema, "jedwali la saba. Kwa sauti. Nataka Kingi yote isikie."

Wakaanza, saba mara moja, saba, na kelele ikajaa mpaka bati. Nikatembea katikati ya benchi kama ninavyotembea siku zote, nikainama sikioni mwa mvulana wa kwanza mkubwa: "Toka na mulango, inama, ingia mu maharage. Usikimbie." Akatoka. Nikaenda kwa wa pili, wa tatu. Ukungu uliwameza mlangoni tu. Lakini jambo ambalo sikuwa nimelifikiria ni kwamba wavulana wakubwa ndio wenye sauti. Kila aliyetoka aliondoka na kipande cha kelele. Jedwali likaanza kupungua, likawa sauti ya watoto wadogo, na mtu yeyote nyuma ya ukuta wa mbao angesikia darasa linavuja.

Niliwatazama wale wa nyuma. Wenye haya, wa wawili wawili, wale niliowabembeleza miezi kwa ng'ombe na utani. Nikainua mikono yote miwili: zaidi. Mvulana wa ng'ombe akafumba macho akapiga kelele. Dada wawili waliokuwa wananong'oneza majibu yao wakafungua vinywa nikaona meno yote. Walipaza mpaka mishipa ikasimama shingoni, na saba mara tisa ikatoka kubwa kuliko saba mara moja. Nilitaka kulia na hapakuwa na nafasi. Msichana peke yake hakusema. Alikuwa ameweka jicho kwenye ufa.

Wale wa nyuma ya choo walichoka kungoja. Mmoja alikuja mlangoni, buti za mpira zimeoshwa safi, bunduki inatazama chini.

"Bonjour, Madame. Bonjour, batoto. Munasoma muzuri." Akazitazama benchi zenye nafasi. Akatabasamu. "Nani kati yenu iko na kaka mukubwa hapa ku masomo?"

Nilijua angalau kumi na watano walikuwa nao. Hakuna kidole kilichopanda. Hakuna aliyekohoa. Kimya kile nilichopigana nacho maisha yangu yote ya kazi kilisimama darasani, na nilikibariki. Mtu yule alingoja kama mimi ninavyongoja, kwa subira, akipitisha macho uso kwa uso. Kisha akasema watarudi siku nyingine kusikiliza masomo, akaondoka na wenzake kuelekea chini.

Jioni ile kila mvulana alikula kwao. Niliwaambia akina mama: mkisikia jedwali la saba, jueni wamekuja. Hatukulikubaliana kwa mkutano, lilikuwa hivyo tu. Tangu hapo darasani kwangu jedwali la sita na la nane yanaimbwa, na la saba linasomwa kwa kunong'ona. Mkurugenzi aliporudi nilimweleza yote. Alisikitika, alisali, ila juu ya jedwali alisema shule si kambi ya jeshi. Na juu ya msichana alisema sheria ni ile ile.

Siku ya kusoma mbele yake ilifika. Aliketi kwenye kiti changu, tai shingoni, kalamu mkononi. Mmoja mmoja la sita walisimama wakasoma ukurasa. Ilipofika zamu ya msichana alisimama, akashika kitabu kwa mikono miwili. Nilikuwa nimesimama kando ya ubao na nilikuwa naomba, sijui hata kwa maneno gani.

"Soma, mwanangu," mkurugenzi akasema. Hakuwa mtu mbaya. "Hakuna muntu atakukula hapa."

Aligeuza kichwa pembeni, kwenye ufa. Akachungulia. Kisha akakiweka kitabu mezani, taratibu, na midomo ikaachana.

"Saba mara moja, saba."

Sauti yake ilikuwa nzito na imekwaruza, kubwa kuliko mwili wake. Sikuwa nimewahi kuisikia. Mkurugenzi alikunja uso. "Nimesema usome, hapana kuhesabu."

"Saba mara mbili, kumi na nne!"

Ya tatu ilitoka na darasa zima. Hakuna aliyewaamuru. Wavulana wakubwa walikuwa wameshainama, wanatambaa kuelekea mlangoni mmoja baada ya mwingine, na nje, kwenye mashamba, majembe yaliacha kulia. Mkurugenzi alinitazama. Nikamtazama. Aliziona benchi zinavyobaki wazi, na jasho likamtoka juu ya tai. Ni mtu mzito kuelewa, lakini alielewa. Alisimama, akafungua mdomo, na saba mara sita akaisema pamoja nasi, kwa sauti ya kanisani. Tulifika mwisho tukaanza upya. Sauti yake msichana ilikuwa juu ya zetu zote, nasi tuliifuata.

Walikuja. Yule wa buti safi alisimama mlangoni na wengine nyuma yake, akakuta wasichana, watoto wa la tano na mwanamume mwenye tai wanahesabu. Alisikiliza mpaka sabini. Kisha akamnyooshea msichana kidole.

"Weye njo mwenye unaanzishaka?"

Msichana alikuwa amefumba mdomo tena. Akamtazama tu.

"Sauti muzuri," yule mtu akasema. "Nitaikumbuka." Wakaenda.

Mkurugenzi aliketi. Kalamu ilimponyoka, akaiokota, akaandika kwenye karatasi yake kwamba mwanafunzi amesoma na anapelekwa mtihani. Hakumwambia arudie ukurasa.

Jioni nilikimbia kwa bibi, karibu nianguke kwenye matope, nimebeba habari yangu kama mtu anayepeleka nyama kwa wenye njaa. Alikuwa kwenye ungo wake.

"Mama, mutoto amesema!"

Mikono yake ikasimama. "Nani alimuuliza?"

"Hakuna muntu. Alianza yeye mwenyewe."

Alifunika uso kwa kitenge akalia, na nilijua kwamba huko ni kulia kwa furaha, nami nikalia naye. Kisha akajifuta, akauliza kama wale watu walimsikia. Nikamwambia yote, pamoja na yale maneno ya mlangoni. Aliyamimina maharage kwenye mfuko, yaliyopukuchuliwa na yasiyopukuchuliwa pamoja, akaanza kukunja turubai.

Nilimwelekeza njia ya kushuka Walikale, hadi nyumba ya dada yangu huko Kashebere, mahali ambapo mtoto anaweza kunyamaza bila mtu kumwuliza sababu. Msichana alibeba godoro. Aliponipita alisema, "Asante, Madame," kwa sauti ile ile iliyokwaruza, na ndiyo maneno yake pekee aliyowahi kuniambia mimi.

Barabara imefungwa tangu wakati huo na simu ya dada yangu haipiti. Mtihani umefanyika. Mkurugenzi aliita jina la msichana mara mbili, akangoja, akaita la mwingine.

Hakuna mtoto anayetaka kukaa kwenye benchi ile ya nyuma, na mimi simlazimishi yeyote. Nimeisogeza meza yangu hadi pale, kando ya ufa. Siku hizi nafundishia huko, na wanafunzi wamegeuza benchi zao kunifuata.